Laxmikant na Pyarelal: Mjadala juu ya Wingi wa Kazi na Uzito wa Lahani

Laxmikant Shantaram Kudalkar na Pyarelal Ramprasad Sharma, ambao majina yao yalifungamana hata wasikilizaji wengi wakadhani ni mtu mmoja, walitokea mbele ya watu kwa filamu ya Parasmani mwaka 1963, wakafanya kazi pamoja bila kutengana mpaka mauti yalipomchukua Laxmikant mwaka 1998. Na katika miaka hiyo 35 walitia muziki katika filamu zaidi ya 500, hesabu ambayo ukiigawa kwa miezi hutoa zaidi ya filamu moja kwa kila mwezi, na kila filamu aghalabu ina nyimbo tano, sita au saba. Mbele ya hesabu kama hiyo nafsi ya msikilizaji huingiwa na mambo mawili yasiyopatana: hustaajabu kwamba binadamu wawili waliweza kutoa lahani nyingi kiasi hicho, kisha hushuku kama lahani zilizotoka kwa kasi hiyo zaweza kuwa na uzito wowote.

Shaka hiyo ina haki ya kujadiliwa katika pwani yetu kuliko mahali pengi, maana sisi hatukuwa wasikilizaji wa kando. Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri, miaka mitatu kabla ya mji huo kutoa Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti. Kwa hiyo yaweza kusemwa kwa insafu kwamba sauti ya Kiswahili ilifika Bombay kabla sauti ya filamu za Bombay haijafika kwetu. Ilipofika, ilifika kwa nguvu. Mjini Tanga watu walijaa katika sinema ya Majestic kutazama hadithi ambazo lugha yake wengi hawakuijua, wakatoka nje na lahani ambazo walikwisha kuzijua. Na Mombasa, Mohamed Khamis Juma Bhalo alizivika lahani za aina hiyo mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, hata zikawa mali ya arusi zetu kutoka Lamu mpaka Pangani.

Mjadala ninaouandika ulifanyika Pongwe, katika njia itokayo Tanga kwenda Muheza, mahali ambapo kiwanda cha saruji husaga mawe ya chokaa ya nchi ile, na ambapo barazani, baada ya sala ya alasiri, watu hawapungukiwi na la kuzungumza. Walisema wanne: mwalimu mstaafu, mzee aliyepiga fidla katika taarabu za Tanga, bibi aliyeimba arusini tangu ujana wake, na kijana wa kiwandani ambaye husikiliza muziki wa kila pembe ya dunia kwa simu yake. Majina yao siyataji, kwani hoja zao zatosha kuwatambulisha. Wala sitaficha mimi mwenyewe niliegemea wapi.

Mwalimu alitangulia, na alisema kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kusikilizwa. "Mimi sibishani juu ya umahiri wao," alisema, "nabishana juu ya haraka yao. Mtazameni Naushad Ali. Huyu alianza kabla yao, akaishi miaka 86, akafa mwaka 2006, na filamu zake zote hazikufika 70. Lakini katika hizo mna Baiju Bawra ya mwaka 1952, mna Mother India ya mwaka 1957, mna Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, ambazo ndani yake alizichukua raga za kale, muziki wa mabwana na majumba ya kifalme, akazifikisha kwa mchuuzi wa sokoni pasipo kuzivunjia heshima. Kazi kama hiyo yataka mtu akae na lahani yake, aiache, airudie, aione kasoro yake, aone haya, aifute. Mtu anayemaliza filamu zaidi ya moja kwa mwezi hana siku ya kuona haya. Ndiyo maana katika kazi ya Laxmikant na Pyarelal utakuta wimbo mmoja mzuri, kisha ndugu zake sita wanaofanana naye kwa sura wala hawana roho yake."

"Mwalimu, hesabu yako ni sahihi," alijibu mpiga fidla, "ila umewaanzishia kazi mahali ambapo hawakuanzia. Watu hawa hawakuzaliwa mwaka 1963. Laxmikant alifiwa na baba yake angali mdogo, akajifunza mandolini, akapiga kwa ujira tangu utotoni ili nyumba yao ipate kula. Pyarelal alikuwa mwana wa mpiga tarumbeta, akafundishwa fidla na Anthony Gonsalves, Mgoa, naye hakumsahau ustadhi wake, maana wimbo wenye jina hilo katika Amar Akbar Anthony ya mwaka 1977 uliwekwa kwa heshima yake. Kabla ya kupewa filamu yao wenyewe walikwisha kuketi miaka mingi katika makundi ya wapigaji ya watunzi wengine, wakawa wasaidizi wa Kalyanji na Anandji, wakaona kwa macho jinsi wimbo unavyofumwa na jinsi unavyoharibika. Mtu wa namna hiyo akianza kutoa kwa wingi, hatoi cha jana. Anatoa alichokiweka akiba tangu utoto. Na kazi ya filamu ni kazi ya kuamriwa. Fundi mshoni katika siku kumi za mwisho za Ramadhani hushona kanzu za mtaa mzima, na hakuna amwambiaye kwamba angeshona moja tu ingekuwa nzuri zaidi. Huulizwa kama kila kanzu imemkaa mwenyewe. Kaka'ngu, hawa waulize hivyo: je, wimbo umekaa katika filamu yake?"

Hapo Mwalimu alikubali jambo moja, nami nilimsifu moyoni kwa kulikubali mapema. Alisema kwamba Dosti, ya mwaka 1964, haina mfano wake. Filamu ile haikuwa na nyota hata mmoja; ni hadithi ya vijana wawili mafukara, mmoja kilema wa mguu na mmoja kipofu, na aliyeibeba ni Mohammed Rafi kwa sauti yake na watunzi hawa wawili kwa lahani zao, wakati huo Pyarelal akiwa na umri wa miaka 24 tu. Tuzo ya Filmfare ya mwaka ule waliipata wao, ilhali katika shindano hilohilo ilikuwamo Sangam ya Shankar na Jaikishan, waliokuwa wafalme wa zama zile tangu Awara ya mwaka 1951. "Lakini Dosti yenyewe ni shahidi wangu," Mwalimu aliongeza. "Waliitunga wakati wangali na nafasi ya kufikiri. Baadaye, na hasa baada ya Rafi kufariki mwaka 1980, ngoma zilizidi, fidla zikafanywa kelele, na lahani ikawa fupi kama tangazo."

Kijana alikuwa amesubiri kwa adabu, akaomba ruhusa kwa wazee, akaingia kwa hoja nyingine. "Shikamooni, wazee wangu. Mimi naona mnagombana juu ya wingi bila kuuliza ulipatikanaje. Filamu ya Karz, ya mwaka 1980, ina wimbo uliotikisa dunia, na kiitikio chake ni cha Lord Shorty wa Trinidad, aliyekwisha kukiimba kabla yao. Na lahani ya gitaa inayorudiarudia katika filamu ile, ile ambayo kwayo muuaji anakumbushwa dhambi yake, ni ya George Benson wa Marekani. Na kwa Karz hiyo wakapewa tuzo. Mtu akichukua huku na kule, kwa nini asimalize filamu 500?"

Hoja hiyo ilinyamazisha baraza, maana hapana aliyeweza kuikanusha. Mpiga fidla alifikiri, kisha alisema: "Mwanangu, umesema kweli, na kutolitaja jina la mwenye lahani ni aibu, siitetei. Walakini ukimfuata Lord Shorty mpaka kwake, utaona jambo jingine. Huyu ndiye aliyechukua kalipso ya kisiwa chake, katika miaka ya 1970, akaichanganya na midundo ya Wahindi waliozaliwa Trinidad, watu ambao babu zao walipelekwa kule na Waingereza kulima miwa. Dholaki na tabla za wale ndizo alizozitia katika muziki wake mpya. Na maneno ya kiitikio kile ni dua ya Kihindu. Basi kilichochukuliwa kutoka Trinidad kilikuwa kimechukuliwa India, kikazunguka bahari kuu mbili, kikarudi Bombay na mavazi mengine. Nikisema hivi sisemi kwamba deni limefutika. Nasema kwamba ukitaka kumpata wa kwanza katika safu hii hutampata."

"Na sisi?" aliuliza Mwalimu. "Ni nani kati yetu, arusini, aliyewahi kusimama akatangaza kwamba lahani hii ni ya fulani wa Bombay? Tumeimba kana kwamba zimeota Mvita na Chumbageni. Kijana, ukiwashitaki hao, utushitaki na sisi."

Mimi niliona katika jambo hili Mwalimu na kijana wana haki zaidi kuliko mzee wa fidla. Safari ya lahani kuwa ndefu haimwondolei aliyeichukua wajibu wa kumtaja aliyemtangulia, na watunzi waliokuwa na lahani nyingi za kwao wenyewe hawakuwa na haja ya kunyamaza juu ya mbili tatu za wengine. Lakini kosa hilo haliwezi kuwa sababu ya wingi wao. Hesabu ya lahani zinazojulikana kwamba zilichukuliwa, hata ukiikuza, ni ndogo sana mbele ya maelfu ya nyimbo, na zile ambazo watu wa pwani walizipenda zaidi, za Dosti, za Milan ya mwaka 1967, za Do Raaste ya mwaka 1969, za Bobby ya mwaka 1973, karibu zote ni zao.

Bibi alikuwa akisikiliza huku akitabasamu. Aliposema, alisema kama mtu wa kazi. "Nyinyi wanaume mnapima muziki kwa miaka na tuzo. Mimi nitawaambia ulivyopimwa jikoni kwetu. Shairi letu lina mizani 16 kwa kila mshororo, nane na nane, na mtu aliyelelewa na mashairi huisikia mizani hiyo hata usingizini. Wimbo wa filamu hauijui. Utakuta kipande cha kwanza kina silabi saba, cha pili kumi na moja, kisha Lata Mangeshkar anaivuta irabu moja kwa pumzi nzima, na pumzi ile kwetu yataka neno, tena neno lenye maana, maana wanawake wa Tanga hawataki wimbo usio na fumbo. Malenga alikuwa anakuja, namwimbia lahani bila maneno, na-na-na, yeye anahesabu kwa vidole. Lahani nyingine zilimshinda, akazitupa. Za hawa wawili hazikumshinda mara nyingi, na sababu yake ni dholaki. Wao waliiweka dholaki mbele, ikagonga wazi, ikamwonyesha malenga mahali pa kukata neno na mahali pa kupumzika. Za Naushad, Mwalimu, ni nzuri, nami nazipenda, lakini jaribu kuzitia Kiswahili. Zinateleza kama pweza. Kwa hiyo msiniambie kwamba walitunga kwa haraka. Walitunga kwa watu wanaoimba."

Hoja ya Bibi ilinigusa kuliko zote, kwa kuwa inafungua jambo ambalo wahakiki wa India hawana njia ya kulijua. Msikilizaji wa Bombay alimsikia Anand Bakshi, mwandishi wa maneno ya nyimbo zao nyingi, pamoja na lahani, akachekeshwa na kulizwa na maneno; basi hawezi kujua ni machozi mangapi yaliyotolewa na maneno na mangapi yaliyotolewa na lahani. Msikilizaji wa Pongwe aliondolewa maneno. Kilichomfikia ni sauti ya mwimbaji, mwendo wa lahani, ngoma, na sura ya mtu katika pazia la sinema. Na aliporudi nyumbani, sura nayo ikaondoka. Lahani iliyobaki baada ya kupoteza lugha yake na picha yake, kisha ikakubali kubeba lugha nyingine na hadithi nyingine, imepita mtihani ambao mtunzi wake hakuuwaza. Nami niliwaambia hivyo wenzangu, nikadhani nimelifunga jambo.

Mpiga fidla ndiye aliyenionyesha kwamba nimelifunga nusu yake. "Bwana," aliniambia, "unasema tumewapima kwa haki. Tulipima nini? Wimbo wa filamu una beti, na baina ya beti na beti mna mapito ya vyombo vitupu. Sisi tulichukua beti. Mapito tuliyaacha Bombay. Kikundi chetu kilikuwa na fidla mbili, akodioni, gitaa, dumbaki na tari; wao waliketisha fidla hata hazihesabiki kwa sikio, na sello chini yake, na filimbi, na sitari, na yote yakapigwa pamoja na mwimbaji kwa wakati mmoja. Basi tukijaza pale katikati kwa akodioni kurudia lahani ya ubeti, au kwa gitaa, kisha tukaendelea. Watu wakafurahi. Lakini mimi ninayejua fidla nakwambia kwamba kazi kubwa ya Pyarelal imo mle katika mapito. Inasemwa kwamba Laxmikant ndiye aliyekuwa na lahani zaidi, na Pyarelal ndiye mwenye kupanga vyombo. Na Pyarelal alijua kuandika muziki kwa nota, akagawa kila kundi la fidla sehemu yake. Sikiliza mapito ya wimbo wao mmoja mara tatu. Mara ya pili hayafanani na ya kwanza, na ya tatu hayafanani na ya pili, nayo huondoka mbali na ubeti, hupanda, huzunguka, na unapodhani yamepotea njia yanakurudisha mlangoni mwa ubeti kwa mguu uleule. Mtu mwenye pupa hafanyi hivyo. Mtu mwenye pupa angetunga mapito mamoja, akayarudia, kama tulivyofanya sisi."

Tangu nisikie maneno hayo nimerudia kusikiliza nyimbo nilizodhani nazijua, na naona mzee yule amesema haki. Tuhuma ya Mwalimu, kwamba nyimbo zao zafanana, ni tuhuma ya mtu anayesikiliza beti. Na katika beti ni kweli zafanana, kwani mwenye filamu alitaka wimbo ambao mtu atautoka nao mlangoni akiuimba, na nyimbo za namna hiyo hazina njia nyingi. Uhuru wao uliobaki waliuweka katika mapito, mahali ambapo mwenye filamu hakujali na mtazamaji alikuwa akiutazama uso wa mchezaji. Wingi wa kazi haukuwaondolea bidii. Uliihamisha mahali pake. Nalisema hili kwa moyo wote, maana naona tunarithisha vijana wetu nusu ya sanaa tuliyopokea na kuwaambia kwamba ndiyo yote.

Wala sisemi kwamba wapigaji wa Tanga walikosa akili. Black Star na Lucky Star walipotia gitaa la umeme na besi katika taarabu, wakafupisha wimbo, wakautia mwendo wa dansi, walipata sauti ambayo haikuwako Unguja wala Mombasa, na Shakila binti Said aliyeimba na vikundi hivyo akajulikana Afrika Mashariki yote. Mapito yao ya gitaa yalikuwa na uzuri wake. Lakini ule ulikuwa ufumbuzi wa watu wenye vyombo vichache, na sasa vyombo si vichache; kinanda kimoja cha umeme chaweza kutoa sauti ya fidla ishirini. Taarabu za leo zina kinanda hicho, na mapito yake yamekuwa maskini kuliko ya akodioni moja ya zamani. Jambo hilo hunihuzunisha.

Kijana alisema, na alisema bila kiburi, kwamba yeye ana nyimbo hizo zote katika simu, na kwamba angeweza kuketi na mzee, wakayakata mapito peke yake, wakayasikiliza polepole, sehemu ya fidla kwa sehemu, hata yakaandikika. Mzee alimwuliza kama anajua nota. Kijana akasema hajui, lakini kanisani kwao kuna mwalimu wa kwaya anayezijua. Bibi alisema wakianza, waanze na Milan.

Mwalimu hakuwa tayari kuachilia jambo lake. "Nimewaelewa," alisema, "na juu ya mapito nimeshindwa, nakiri. Lakini niliwaambia kwamba baada ya mwaka 1980 walishuka, na hapana aliyenijibu. Mnitajie filamu za miaka ile zinazostahili kukaa karibu na Dosti."

Mzee wa fidla alianza na Ek Duuje Ke Liye ya mwaka 1981, hadithi ya kijana wa Kitamili na binti wa kaskazini ambao kila mmoja haijui lugha ya mwenzake, naye S. P. Balasubrahmanyam, mwimbaji wa kusini, akaiimbia Kihindi chenye lafudhi ya kwao, na lafudhi hiyo ikawa sehemu ya uzuri wa wimbo. Akaitaja Utsav ya mwaka 1984, iliyotoka katika mchezo wa kale wa Kisanskriti, ambamo Lata na dada yake Asha Bhosle waliimba pamoja juu ya lahani tulivu isiyo na haraka hata kidogo, na hili katika miaka ambayo kila studio ilikuwa ikitafuta ngoma za disko. Akaitaja Hero ya mwaka 1983. Kijana akaongeza Tezaab ya mwaka 1988, ambayo mama yake huipenda.

Mwalimu aliikubali Utsav palepale, na Ek Duuje Ke Liye baada ya kufikiri. Tezaab aliikataa katakata, akasema ni hesabu tupu iliyopigiwa ngoma, naye Bibi akamwambia kwamba hajawahi kuona wanawake wakiicheza. Ama Hero, aliomba apewe muda aisikilize tena ile filimbi yake, kwa kuwa mara ya mwisho alipoisikia, alisema, alikuwa akisikiliza beti.